Mbweu wa Ng'ombe wa Witu: Dhana Potofu na Ukweli

Katika mabaraza ya Witu, na hata kwenye mabucha ya mjini Lamu, husemwa kwa kicheko kwamba methani ya ng'ombe, gesi inayoongeza joto duniani, hutoka nyuma. Sivyo. Zaidi ya asilimia 90 ya gesi inayotokana na uyeyushaji wa chakula hutoka mdomoni na puani, kwa mbweu na kwa pumzi, kwa sababu vijidudu vya tumbo la kwanza huitengeneza wakati nyasi zinapochachuka humo. Punda wa kisiwani, ambaye hacheui, hutoa kidogo sana akilinganishwa naye.

Wengine huamini kwamba ng'ombe hapimiki mpaka afungiwe chumbani. Chumba kipo, na vipimo vyake ni vya kuaminika, lakini hakionyeshi mnyama anavyojichagulia malisho. Ng'ombe anayechungwa malishoni humezeshwa kidonge cha chuma kinachovujisha gesi ya salfa heksafloraidi kwa kiwango kinachojulikana. Kisha mrija mwembamba karibu na pua hukusanya hewa kwenye chombo kilichofungwa shingoni, na uwiano wa gesi hizo mbili hutoa kiasi cha methani. Chombo kingine huwekwa unakotoka upepo, maana hewa yenyewe ina methani, na asiyeiondoa katika hesabu atamsingizia ng'ombe.

Dhana inayopotosha zaidi ni kwamba maksai anayetoa gesi kidogo kwa siku ndiye bora. Wakati wa kiangazi, kabla ya masika, hutoa kidogo kwa kuwa anakula kidogo. Maksai wa aina ya Boran waliopimwa katika vyumba vya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, Nairobi, walipolishwa chini sana ya mahitaji yao, walitoa methani nyingi zaidi kwa kila kilo ya chakula. Tuchukulie mmoja anatoa gramu 150 kwa siku na kuongezeka nusu kilo: ni gramu 300 kwa kilo ya uzito. Mwenzake wa kiangazi anatoa gramu 100 na haongezeki chochote. Gesi yake yote imepotea bure.

Kwa hiyo mizani ni muhimu sawa na chombo cha shingoni, na ng'ombe apimwe saa ileile, kabla ya kunywa, kwani lita 40 za maji ni kilo 40 ambazo si nyama.

Ama kilo 31 za methani kwa mwaka zinazotajwa kwa kila ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa, hizo ni kadirio la mwongozo wa 2006 wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi. Hakuna mbweu wa Witu uliopimwa kuzipata.