Kitabu cha mshahara cha babu aliyekuwa keya si hundi

Mtu hufungua kitabu cha mshahara cha babu yake akasema: "Humu babu ana salio la 47/50, Waingereza hawajalipa." Kisha linafuata swali la riba ya miaka 80. Jamani, salio peke yake si deni.

Kitabu cha mshahara cha keya, yaani askari Mwafrika wa jeshi la Waingereza katika vita vya 1939–1945, ni daftari la hesabu inayotembea. Cr ni fedha iliyo yake, Dr ni iliyotoka: aliyochukua mkononi, makato, na aliyopeleka nyumbani. Wengi hawakuchukua mshahara wote. Katika misitu ya Burma ungenunua nini? Kilichobaki kikasogezwa ukurasa wa pili, na hesabu ya mwisho ikafungwa askari alipoachishwa. Kwa hiyo kabla ya kupiga riba, weka tarehe ya salio kando ya tarehe ya cheti cha kuachishwa. Salio la Machi 1945, la mtu aliyeachishwa 1946, halikwambii aliondoka na nini. Na 47/50 ni shilingi 47 na senti 50 za Afrika Mashariki. Si elfu nne na ushee, wala si pauni. Pauni moja ilikuwa shilingi 20.

Dhuluma ilikuwepo, ila watu wanaitafuta pasipo. Mshahara na bahashishi ya mwisho wa vita vilipangwa kwa rangi ya ngozi, Mwafrika akapata kidogo kuliko Mzungu wa cheo kilekile. Hilo hulioni kwenye salio. Tazama kiwango cha malipo, ukilinganishe na cha Mzungu. Angalia pia makato yanayojirudia kila mwezi kwa kiasi kilekile. Mara nyingi hiyo ni fedha ya familia, iliyolipwa bomani kwa Bwana DC. Bibi akisema hakuona hata senti, kwanza tafuta jina la aliyeandikishwa kupokea. Huenda akawa shemeji yake.

"S.O.S. maana yake alikufa." Hapana! Ni "struck off strength", kufutwa kwenye orodha ya kikosi: kahamishwa, kalazwa, kaachishwa, au kweli kafa. Tafuta T.O.S. ("taken on strength") ya tarehe za karibu. Hapo ndipo kikosi kingine kilipompokea.

"Alikuwa keya, basi alibeba bunduki." Neno keya limetoka K.A.R. (King's African Rifles), kikosi cha askari wa bunduki, lakini nyumbani lilimeza kila aliyevaa kaki. E.A.M.L.S. walikuwa watu wa sulubu, E.A.A.S.C. usafirishaji na vifaa, E.A.A.M.C. tiba. Ukiona S.E.A.C., si kikosi: ni kamandi ya Asia ya Kusini-Mashariki, iliyosimamia vita vya Burma.

"Medali haina jina, ni feki." Nyota za Uingereza za vita hivyo zilitolewa bila jina. Za vita vya 1914–1918 ndizo zilizochongwa jina: nyota kwa nyuma, medali za duara ukingoni.

"Jina si lake, umri si wake." Karani aliandika alichosikia: r ikawa l, jina la baba likaachwa. Umri ulikisiwa kwa macho. Fuata namba ya jeshi.

Tena, kitabu msikipeleke stesheneri kikapigwe laminesheni! Joto na gundi huharibu karatasi kuukuu, na haibanduki tena. Piga picha kila ukurasa, jalada na kurasa tupu pia, kwa mwanga wa pembeni ili penseli ionekane. Kisha nenda Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, kwenye mafaili ya wilaya ya enzi za mkoloni, ukiwa na namba, kikosi na wilaya alikoandikishwa. Ukienda na jina tupu utarudi na jina tupu.