Je, wajua kwa nini mikoko mingi inayopandwa inakufa?

Zile picha za watu wamejipanga kwenye matope, kila mtu kashika mche wa mkoko, umeziona bila shaka. Ukirudi pale baada ya miaka kadhaa mara nyingi unakuta vijiti vikavu tu, na inauma kweli maana watu walijitolea kwa moyo. Sri Lanka walipanda sana baada ya tsunami ya 2004, watafiti wakaja kukagua maeneo 23, na katika 9 hawakukuta hata mche mmoja ulio hai.

Sababu kubwa ni mahali. Sehemu ambayo mikoko iliota zamani ilishageuzwa mabwawa ya kufugia kamba, mashamba ya chumvi, bandari au hoteli, ina mwenyewe, kwa hiyo wapandaji wanasogezwa mbele kwenye tope tupu ambako hakuna wa kugombana naye. Lakini pale mbele hapakuwahi kuwa na mikoko! Mkoko unavumilia maji ya chumvi ndio, ila sio kuzama kutwa. Angalia mchu, aina mojawapo ya mikoko, maji yakipwa, chini yake utaona vimizizi vimesimama wima kama penseli zimechomekwa kwenye tope, zile ndo pua zake, zina vitundu vya kupitisha hewa sababu tope lenyewe halina oksijeni. Mche mchanga bado hauna pua hizo, ukifunikwa muda mrefu unakosa hewa, na hapo bado mawimbi yanaung'oa na vijidudu vya gamba vinajibandika kwenye shina mpaka linaelemewa.

Mwanaikolojia Robin Lewis wa Florida, Marekani, aliona kwamba mikoko inakaa sehemu zinazofunikwa na maji kama asilimia 30 ya muda au chini ya hapo. Basi kwenye mradi wa kurudisha mikoko wa West Lake, hukohuko Florida, miaka ya 1980 yeye na wenzake hawakuhangaika na miche, walichimba udongo uliokuwa umemwagwa pale mpaka wakapata kimo sahihi, wakafungua mifereji maji yaingie na kutoka, mikoko ikajiotea yenyewe. Na inaweza, kwa sababu mbegu ya mkoko inachipua ikiwa bado inaning'inia kwa mama yake, ndefu ya kijani, ikidondoka inaelea na maji hadi ikwame mahali. Hata bwawa la kamba lililoachwa, ukibomoa kuta vizuri maji yakapita kama zamani, mbegu zitaletwa na bahari.

Kupanda kunahitajika pale ambapo hakuna miti mama karibu ya kuleta mbegu, na hapo pia chagua aina kulingana na sehemu, maana watu wanapenda kuchomeka ile aina inayoitwa mkoko wenyewe kwa vile mbegu yake ndefu ni rahisi kushika, wakati ukingo wa mbele mara nyingi ni wa aina nyingine, mlilana au mchu.