Nia ya mwaka mpya ni nini, na inatofautianaje na azimio?

Wiki ya mwisho ya Desemba, panda daladala yoyote ya kwenda Igoma, hutashuka bila kusikia mtu akimuuliza mwenzake, "Mwakani una malengo gani?" Majibu huwa yamekaa mdomoni tayari: kiwanja, pikipiki, kupunguza tumbo, kuacha pombe. Neno nia halisikiki sana humo, nami naona ni hasara.

Tuanze na azimio, maana ndilo linalotutesa. Ni neno zito. Ukilitaja kwa Mtanzania, akili yake inakwenda Arusha, mwaka 1967. Lile lilikuwa jambo la chama kizima, likatangazwa hadharani, na Oktoba ya mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatembea kwa miguu kutoka Butiama hadi hapa Mwanza, kilomita 200 na ushei, kuliunga mkono. Azimio hutaka mashahidi, na asiyelitimiza huambiwa amelivunja. Sasa mtu mmoja, mwenye mshahara mmoja, anajitangazia maazimio saba usiku wa mkesha huku fataki zikilia. Ikifika wiki ya ada na sare za shule yameshavunjika matano, na mawili yaliyobaki anayaonea aibu.

Lengo lina nafuu. Lina kipimo: milioni mbili kufikia Juni, umefika au hujafika. Wana vikoba wanaovunja mzunguko Desemba na kugawana hisa zao hawawezi kwenda bila lengo, na sina ugomvi nao.

Nia ni kile ambacho moyo umekielekea kabla mkono haujafanya kitu. Kitenzi chake ni kunuia, au kutia nia. (Wanasiasa nao wamelichukua: mtia nia siku hizi ni mtu anayetafuta kuteuliwa kugombea ubunge, na yule ana malengo kuliko nia.) Waislamu wanalijua neno hili kwa kina zaidi. Ukishinda na njaa kutwa bila nia ya kufunga, umeshinda na njaa tu. Tena kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi Afrika Mashariki, nia ya funga ya Ramadhani hutiwa kila usiku kwa ajili ya siku inayofuata. Ya jana haikutoshi leo. Ndiyo sababu nasema nia ina upole: imezoea kurudiwa, haishangai ukiianza upya.

Kwa hiyo anayesema "nitampigia mama simu kila Jumapili saa mbili usiku" ameweka lengo. Anayesema "mwaka huu sitaki kuwa mbali na mama" amenuia. Huyu wa pili anaweza kupiga simu Jumatano, kumtumia nauli aje, au kupanda kivuko Kamanga akamwone. Jumapili ikimpita hajapoteza kitu.

Ila nia haiokotwi. Hutanguliwa na kujihesabu, yaani kukaa na mwaka uliopita ukaugeuza huku na huku. Wengi wanaruka hapa, kwa sababu kukaa kimya kunafanana na uvivu.

Wavuvi wa dagaa hawana shida hiyo. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku wa giza: taa zinawashwa juu ya maji, zamani karabai, sasa nyingi ni za betri na sola, dagaa wanakusanyika kwenye mwanga, wavu unawazoa. Mwezi ukikaribia kujaa, ziwa zima lina mwanga, taa ya mvuvi haina tena cha kuvutia. Basi kazi husimama siku kadhaa. Mitumbwi inavutwa mchangani na kukalafatiwa, matundu ya nyavu yanazibwa, madeni ya mafuta yanahesabiwa, na anayetaka kwenda nyumbani kwao huenda. Hakuna anayemwita mvivu mtu anayeshona wavu wakati wa mbalamwezi. Kujihesabu kwa mwisho wa mwaka ni kazi ya namna hiyo, na maswali yake hayana ukali: wapi palichanika? Nilichoka kwa ajili ya nini? Nani alinisaidia sikumrudia hata kusema ahsante? Kitu gani nilikifanya vizuri bila mtu kuona? Hilo la mwisho wengi hawajiulizi kabisa, kisha wanashangaa kwa nini hesabu yao kila mwaka ni ya hasara.

Mkesha wa kuingia 2026 uliangukia kwenye mbalamwezi, maana mwezi ulijaa tarehe 3 Januari. Siku hizo nilimkuta mama mmoja mwaloni, muuza dagaa wa miaka mingi, amekaa kando ya chanja tupu akishona gunia. Baada ya shikamoo nikamuuliza kama ana malengo ya mwaka.

"Malengo wanayo vijana, mwanangu. Mie nimenuia tu nisiwe naanika dagaa huku nimenuna."

Nikamuuliza itakuwaje siku mvua itakapomkuta dagaa wote wako juu ya chanja.

"Siku hiyo nitanuna," akasema, akavuta uzi. "Kesho yake nanuia tena."