Picha za Mwaloni Zinalala Wapi Ndani ya Simu?

Sangara analazwa kwenye ubao wa kupimia, mdomo ukigusa kizuizi, mkia umenyooshwa. Simu inashushwa juu yake mpaka alama ya sentimita 50 isomeke, maana aliye chini ya hapo haruhusiwi kuvuliwa. Bofya, samaki anarudi kwenye kreti, foleni inasogea. Hapa Igombe, mwalo (mahali pa kushushia samaki) wa Ziwa Victoria jijini Mwanza, mkusanya takwimu hupiga picha za namna hiyo nyingi kabla jua halijawa kali, na kila moja ni ushahidi ambao hautapatikana tena, kwa sababu samaki mwenyewe mchana huo anakuwa ameshauzwa.

Sisi tulipoteza picha za wiki tatu. Programu ya kamera tuliitengeneza wenyewe, katika kitengo chetu cha TEHAMA. Simu ya kijana mmoja ikawa inaganda, akaiondoa programu ili aiweke upya, kama ambavyo yeyote angefanya. Ilipofunguka tena haikuwa na picha hata moja. Yeye hakukosea. Tulikosea sisi tulioiandika, kwa kuchagua mahali pabaya pa kuziweka.

Kwenye Android, kila programu ina chumba chake, yaani sehemu yake ya kuhifadhi faili. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, na hasa Android 11 iliyofuata mwaka 2020, programu nyingine zimefungiwa mlango zisichungulie humo, na hata galari haionyeshi kilichomo. Ukiiondoa programu, au ukiingia kwenye mipangilio ukabofya “Futa data”, chumba kinabomolewa na vyote vilivyomo. Nje ya vyumba hivyo kuna sebule ya wote, yaani folda kama DCIM na Pictures. Huko programu huweka picha kupitia MediaStore, ambayo ni rejesta ya mfumo ya picha na video zote za simu. Programu ikiondoka, vya sebuleni vinabaki.

Nimesikia watengenezaji wakisema wanakwepa sebule kwa sababu inadai ruhusa zinazowatisha watumiaji. Hoja hiyo imepitwa na wakati: kuanzia Android 10, programu haihitaji ruhusa ya hifadhi ili iweke kwenye DCIM picha iliyoipiga yenyewe. Kwa picha za samaki, nyavu au gugu maji, naona hakuna sababu ya kuzificha. Kitambulisho cha mvuvi, au uso wa mtu, ni jambo jingine. Hizo zikae chumbani, zisije zikafunguliwa na kila anayeazima simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamgusa pia anayekusanya picha za watu mwaloni. Ila ukichagua chumba, hakikisha nakala inatoka humo kwenda kwenye seva mapema iwezekanavyo.

Video ina matatizo yake. Ikirekodiwa kwa kiwango cha 1080p, kwa kasi ya megabiti 17 kwa sekunde, dakika moja inakula takribani megabaiti 127, na dakika kumi zinapita gigabaiti moja. Kubwa zaidi, faili la MP4 kwa kawaida huandikiwa faharasa yake, yaani orodha inayoielekeza simu namna ya kulisoma, mwishoni, pale unapobofya kusimamisha. Simu ikiishiwa chaji katikati ya ziwa kabla ya hapo, unabaki na faili zito lisilofunguka. Kwa hiyo tunaikata video vipande vya dakika mbili mbili. Simu ikizimika, kinachopotea ni kipande cha mwisho tu. Na wakati kipande kinaandikwa, tunakiwekea alama ya IS_PENDING kwenye MediaStore, ili programu nyingine zisikiguse kabla hakijakamilika.

Usiziingize picha zenyewe ndani ya hifadhidata. Hifadhidata iweke jina la faili na mahali lilipo, pamoja na vipimo vya samaki. Jina nalo lieleze jambo: tarehe, mwalo, namba ya sampuli.

Halafu kuna WhatsApp. Wengi huituma picha kwenye kundi wakaamini imehifadhika. Ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa, namba ndogo za ubao zinaweza kufifia, na taarifa zilizofichwa ndani ya faili, kama saa na mahali ilipopigwa, zinaondolewa. Ikibidi kutumia njia hiyo, itume kama hati. Kadi ya memori nayo haikusaidii sana ikiwa inakaa kwenye simu ileile. Mtumbwi ukiyumba simu ikadondoka, kadi inazama nayo. Tena, chumba cha programu kilichopo kwenye kadi hufutwa vilevile programu ikiondolewa.

Sasa hivi mkusanya takwimu akirudi kutoka ziwani, au akivuka kutoka Ukerewe, programu inasubiri Wi-Fi ya ofisini ili isimalize bando lake. Inapandisha faili moja moja. Seva inapokea, inapiga hesabu ya alama ya faili, yaani namba inayobadilika faili likibadilika hata kidogo, na kuilinganisha na ile iliyotoka kwenye simu. Zikilingana, inajibu, na alama ya kijani inatokea pembeni ya picha. Kitufe cha kufuta hakifanyi kazi mpaka kijani kionekane. Kabla ya kuigawa simu mpya kwa mtu yeyote, tunapiga picha tatu za majaribio, tunaiondoa programu, kisha tunafungua galari kuzitafuta. Wiki iliyopita simu moja ilionyesha mbili, na tukairudisha mezani.