Durga Puja: kwa nini sanamu huwa ya udongo

Kila mwaka, kati ya mwisho wa Septemba na Oktoba, Wabengali wa Kolkata, mashariki mwa India, humkaribisha Durga, mungu wao wa kike, kwa siku tano, kisha huipeleka sanamu yake mtoni ikayeyuke. Wengi huuliza inakuwaje waumini wamtose mungu wao majini. Ili kulielewa jambo hili, tuanze na asili ya sikukuu, kisha tuingie karakana ya mfinyanzi.

Andiko la Devi Mahatmya, lililotungwa kwa Kisanskriti yapata karne ya 6, linasimulia habari za jitu Mahishasura, aliyejigeuza nyati na kuwafukuza miungu mbinguni. Masimulizi ya baadaye yanaongeza kwamba alikuwa na ahadi ya kutouawa na mwanamume. Miungu wakaunganisha nguvu zao, akatokea mwanamke, ndiye Durga. Shiva akampa mkuki wa ncha tatu, Himalaya, mungu wa milima, akampa simba wa kupanda, naye akamuua Mahishasura. Wabengali nao wameongeza la kwao: shujaa huyu ni binti aliyeolewa mbali, anayerudi kwa wazazi pamoja na watoto wake Lakshmi, Saraswati, Ganesh na Kartik. Ndiyo sababu watu hulia siku ya kumsindikiza.

Zamani sherehe ilikuwa ya majumba ya matajiri. Karne ya 18, huko Guptipara, marafiki 12 walichanga fedha wakafanya ya kwao, na leo kila mtaa una banda lake la mianzi na vitambaa. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza Durga Puja ya Kolkata kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Sanamu nyingi hutoka Kumartuli, mtaa wa wafinyanzi. Kwanza hujengwa kiunzi cha mianzi. Juu yake mabua makavu ya mpunga hukazwa kwa kamba hadi yapate umbo la kiwiliwili, mapaja na mikono kumi. Mabua yakilegea, udongo mbichi, ambao ni mzito, utavuta kiungo chini. Tabaka la kwanza ni udongo unaonata uliochanganywa na kumvi za mpunga, maana kumvi hupunguza nyufa udongo unaposinyaa. La pili ni udongo laini wenye mchanga kidogo. Nyufa zikitokea huzibwa kwa vipande vya kitambaa chembamba vilivyochovywa kwenye uji wa udongo. Uso hutolewa kwenye kalibu, na vidole hufinyangwa pembeni na kupachikwa baadaye.

Adui mkubwa wa kazi hii ni mvua za kusi, ambazo Bengal huweza kuendelea hadi mkesha wa sikukuu. Fundi aliyechelewa hukausha sanamu kwa moto wa gesi. Akizidisha, nje hukauka kabla ya ndani na nyufa hujitokeza rangi ikiwa tayari imepakwa. Akipaka rangi udongo ukiwa mbichi, rangi hubanduka. Kwa njia ya asili hupakwa chaki nyeupe kwanza, kisha rangi iliyochanganywa na gundi ya mbegu za ukwaju. Macho huchorwa mwisho, kwa desturi siku ya Mahalaya, mwezi ukiwa gizani.

Hata hapo bado ni udongo tu. Siku ya sita ya mwezi mpya ndipo kuhani humwita Durga aje. Alfajiri ya siku ya saba mgomba mchanga uliofungwa na mimea mingine minane huogeshwa mtoni, ukavishwa sari na kusimamishwa kando ya Ganesh. Wengi humwita mke wa Ganesh, lakini sivyo: mimea hiyo tisa ni Durga mwenyewe. Sanamu haiogeshwi, maana ingelowa na kuharibika. Huwekwa kioo mbele yake, na maji humwagwa kwenye taswira iliyo kiooni.

Kilele ni Sandhi Puja, ya dakika 48: 24 za mwisho za siku ya nane na 24 za kwanza za siku ya tisa, huku zikiwashwa taa 108. Siku ya mwezi haianzi usiku wa manane wala haina saa 24 kamili, kwa hiyo ibada hii huweza kuangukia saa tisa usiku. Asiyetazama kalenda ya kidini huikosa.

Walioona Navaratri ya Wagujarati, Dar es Salaam au Mombasa, wanazijua siku hizihizi kwa ngoma ya mduara na kwa mfungo. Wabengali wengi, kinyume chake, hula samaki na nyama ya mbuzi.

Siku ya kumi kioo hurudi. Huwekwa majini, na taswira ya Durga ikizama humo, yeye amekwisha kuondoka. Wanawake walioolewa hupakana sindur, unga mwekundu, kisha ngoma za dhak huisindikiza sanamu hadi mto Hooghly. Kinachotoswa, basi, ni udongo uliokopwa mtoni.

Hapa ndipo plasta, inayotumiwa na baadhi ya mafundi badala ya udongo, inapoharibu mambo. Haiyeyuki upesi kama udongo mbichi, na rangi za viwandani huweza kuwa na madini ya risasi yanayodhuru samaki. Mamlaka ya India ya kudhibiti uchafuzi ilitoa mwongozo mwaka 2010, na marekebisho ya 2020 yakakataza sanamu za plasta. Kolkata hutumia kreni kuopoa viunzi mara tu vinapotoswa. Familia zenye desturi ya zamani huhifadhi kiunzi chao, na siku ya Rath Yatra, kati ya Juni na Julai, hukifanyia ibada kabla ya kukifunga mabua mapya.