Sakopenia: Kwa Nini Mzee Mchapakazi Naye Hupoteza Misuli

Sakopenia ni hali ya misuli kupungua nguvu na ukubwa kadiri umri unavyosonga, hadi mtu aanze kushindwa na mambo aliyoyafanya bila kufikiri, kama kuinuka kitini, kupanda kilima au kubeba dumu la maji. Jina hilo lilipendekezwa na daktari Mmarekani Irwin Rosenberg mwaka 1989. Wataalamu wa Ulaya waliporekebisha vigezo vya kuitambua mwaka 2018, waliutanguliza upungufu wa nguvu, kwa sababu nguvu hupotea haraka kuliko nyama yenyewe na ndiyo inayotabiri vizuri zaidi nani ataanguka na nani atashindwa kujitegemea.

Katika familia nyingi za Uganda huaminika kwamba mzee anayeshika jembe kila asubuhi hawezi kufikwa na hali hiyo. Imani hiyo ina ukweli, kwa kuwa kulala na kukaa tu huimaliza misuli upesi, lakini ukweli wake ni nusu. Kupalilia kwa saa nyingi au kutembea hadi sokoni hujenga ustahimilivu wa moyo na mapafu kuliko nguvu za misuli, na tena kazi hiyo hutumia chakula kingi. Mzee anayefanya kazi nzito huku akila kidogo anaweza kuidhoofisha misuli ileile anayoitegemea.

Kiini cha jambo ni kwamba misuli hubomolewa na kujengwa upya kila siku, na protini iliyomo katika chakula ndiyo inayoiamsha kazi ya kujenga. Misuli ya kijana huitikia hata kiasi kidogo cha protini; ya mzee huwa mizito kuitikia, hivyo huhitaji kiasi kikubwa zaidi katika mlo mmoja, takriban gramu 25 hadi 30. Ndiyo maana jopo la kimataifa la wataalamu lilishauri mwaka 2013 kwamba watu wenye afya waliozidi miaka 65 wapate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wao kwa siku, na wanaofanya mazoezi au kazi za nguvu wapate 1.2 au zaidi, ilhali kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni gramu 0.8. Mama mzee mwenye kilo 60 anayelima shamba lake anahitaji, basi, gramu 72 hivi.

Hapo ndipo sahani zetu zinapotuponza. Matoke, muhogo na viazi vitamu hushibisha na kutia nguvu za kazi, lakini sahani kubwa ya matoke haifikishi hata gramu 10 za protini. Mzee akianza siku kwa chai ya rangi na kipande cha muhogo, akala posho (ugali wa mahindi) na mboga kidogo mchana, kisha akapewa kipande cha nyama usiku, misuli yake imekaa karibu siku nzima bila cha kuijengea. Nyama hiyo ingemfaa zaidi ikiwa protini imegawanywa katika milo yote mitatu. Wala si lazima iwe nyama, ambayo wengi hawawezi kuinunua kila siku. Katogo, yaani matoke yaliyopikwa pamoja na kitoweo, ikiwa na kikombe cha maharagwe yaliyoiva, pamoja na kikombe cha maziwa, hutoa gramu 23 hivi, na ni kifungua kinywa tunachokijua tangu utotoni. Mukene (dagaa) wakavu, ambao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, wanaweza kusagwa na kuchanganywa katika mchuzi wa karanga, jambo linalomfaa sana mzee asiye na meno. Anayetegemea maharagwe, kunde, karanga na simsim (ufuta) peke yake ale kwa wingi zaidi na pamoja na kalo (ugali wa ulezi) au mahindi, kwa kuwa protini ya mimea huiamsha misuli kwa unyonge kidogo.

Chakula peke yake, hata hivyo, hakitoshi. Misuli hukua inapopambana na uzito. Mwaka 1990 watafiti wa Boston waliwafunza wazee dhaifu wenye wastani wa miaka 90 kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8, na nguvu zao zikaongezeka zaidi ya maradufu. Nyumbani, kuinuka kitini na kuketi polepole bila kushika, mara kadhaa, siku mbili au tatu kwa wiki, ni mwanzo mzuri. Kitendo hichohicho ni kipimo pia: anayechukua zaidi ya sekunde 15 kuinuka mara tano huenda ana upungufu wa nguvu, na inafaa apimwe katika kituo cha afya. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuzungumza na daktari wake, na mzee anayekonda bila sababu inayojulikana apelekwe hospitali mapema, kwa kuwa kifua kikuu, kisukari na saratani navyo huila misuli.