Je, wajua kwa nini hadithi ambayo mwisho wake tunaujua ndiyo tunayoibashiri zaidi?

Lamu ni taabu kumpata mtu mzima asiyejua jinsi Fumo Liyongo alivyokufa. Sindano ya shaba, kitovuni, kwa mkono wa mwanawe mwenyewe. Hata hivyo, msimulizi akifika pale Saada, kijakazi wa mama yake Liyongo, anapolifikia gereza na mkate wa wishwa, na ndani ya mkate huo mna tupa za kukatia minyororo, baraza nzima hunyamaza. Walinzi wataumega au hawataumega? Kila aliyeketi hapo anajua kwamba hawataumega. Watajichukulia chakula kizuri na mfungwa watamwachia makapi, wala hawatajua kwamba makapi hayo ndiyo yatakayomfungua. Watu wanalijua hilo, na bado wanashika pumzi.

Hali ni hiyohiyo kwa mashabiki wa tamthilia za ngano kwenye televisheni. Chukua Once Upon a Time, tamthilia ya Kimarekani iliyorushwa na kituo cha ABC kuanzia Oktoba 2011 hadi Mei 2018, misimu 7, sehemu 155. Malkia mwovu, Regina, anawapiga laana wahusika wote wa ngano na kuwatupa katika mji mdogo unaoitwa Storybrooke, jimboni Maine. Huko wanaishi kama watu wa kawaida, mwalimu wa shule, mwenye duka, mganga wa akili, na karibu wote hawakumbuki kwamba wao ni nani. Wa kuivunja laana ni Emma Swan, bintiye Snow White, aliyetoroshwa siku ya kuzaliwa kwake.

Aliyewahi kusikia ngano moja tu maishani mwake anajua kwamba laana hiyo itavunjika. Basi mashabiki walikuwa wakibashiri nini miaka yote hiyo?

Walikuwa wakibashiri njia. Mwisho wa ngano hauna mashaka makubwa, lakini njia ya kuufikia ina pembe elfu, na anayeujua mwisho ndiye anayeona vizuri jinsi njia ilivyo ngumu. Asiyejua kwamba Liyongo atatoka gerezani haoni lolote kwenye mkate wa wishwa. Kwake ni mkate tu.

Mwaka 1994 mtaalamu wa Marekani, George Loewenstein, alieleza udadisi kwa namna inayolingana na jambo hili. Udadisi, alisema, unatokana na pengo kati ya kile mtu anachokijua na kile anachotaka kukijua. Pengo hilo halionekani kwa mtu asiyejua chochote. Linamuuma yule aliyekwisha kujua sehemu kubwa na kubakiwa na kipande. Tamthilia ya wapelelezi lazima imjengee mtazamaji ujuzi huo kutoka sifuri, mhusika baada ya mhusika. Ngano haina kazi hiyo. Kabla televisheni haijawashwa, mtazamaji tayari anajua habari za tufaha lenye sumu, kiatu kilichoachwa ngazini, mbwa mwitu aliyevaa nguo za bibi. Yuko katikati ya pengo kabla ya sehemu ya kwanza kuanza.

Kisha ngano ina utaratibu. Mwaka 1928 mtaalamu wa Kirusi, Vladimir Propp, alichambua ngano 100 za kwao na kuona kwamba nyuma ya wafalme, mazimwi na farasi wanaosema kuna matendo 31 tu, na kwamba matendo hayo hufuatana kwa mpangilio uleule, hata kama hakuna ngano moja iliyo nayo yote. Mhusika anakatazwa jambo. Anakiuka. Adui anaingia. Shujaa anasafiri, anajaribiwa, anapewa kitu chenye nguvu, na kadhalika hadi harusi. Hakuna mtoto wa pwani anayehitaji kumsoma Propp ili ajue hili. Zimwi likimpa kijana funguo za vyumba vyote na kumwambia hiki kimoja usikifungue, kila mtoto aliyeketi mkekani anajua kwamba kitafunguliwa. Swali lake ni lini kitafunguliwa, na mna nini ndani.

Nami nadhani mchezo wa vitendawili umewafundisha watoto wa pwani zaidi ya tunavyoupa sifa. "Kitendawili!" "Tega!" Aliyetegewa akishindwa kukifumbua, anaambiwa atoe mji, na akisema amempa mwenzake Mombasa au Pate ndipo jibu linapotolewa. Mtoto anajifunza mapema kwamba kukisia ni sehemu ya hadithi, na kwamba kukisia vibaya kuna gharama, hata kama gharama yenyewe ni mji wa mdomoni. Ndiyo maana mtu anayetazama tamthilia na wenzake sebuleni baada ya isha hawezi kukaa kimya. Akinyamaza, mwenzake atakisia kabla yake, na sifa itakwenda kwa mwenzake.

Watungaji wa Once Upon a Time, Edward Kitsis na Adam Horowitz, waliijua hamu hiyo vizuri sana. Walikuwa wametoka kuandikia tamthilia ya Lost, ambayo watazamaji wake walikuwa maarufu kwa kubashiri. Mbinu waliyoitumia naiona kuwa ya werevu mkubwa. Walichukua wahusika wa ngano mbalimbali na kuwafanya mtu mmoja. Katika msimu wa kwanza, mwaka 2012, msichana wa kofia nyekundu akagundulika kuwa ndiye mbwa mwitu mwenyewe. Mwaka huohuo Rumplestiltskin, yule kibwengo wa mikataba anayesokota nyuzi za dhahabu, akawa ndiye yule Mnyama anayependwa na Belle. Katika msimu wa pili akawa pia ndiye Mamba anayewindwa na Kapteni Hook. Na mwaka 2013 watazamaji wakaelezwa kwamba Peter Pan, mtoto asiyekua, ni baba yake Rumplestiltskin.

Fikiria hilo linamfanya nini shabiki. Akishaona mara mbili kwamba mtu mmoja amebeba ngano tatu, hatamwamini tena mhusika yeyote mpya. Mzee anayepita nyuma ya mlango wa duka ni nani? Mtoto asiye na jina ni wa nani? Kila mgeni akawa kitendawili kinachotembea, na vitendawili hivyo vilikuwa na majibu ya haki, yaani ishara zilikuwa zimewekwa kabla. Hapo ndipo ubashiri unapotofautiana na kupiga ramli. Mpiga ramli haulizwi ushahidi. Shabiki anaulizwa, na wenzake hawamwonei haya.

Ushahidi mwingine ulitoka nje kabisa ya hadithi. Mitaa ya Storybrooke ilipigwa picha Steveston, kijiji cha wavuvi katika mji wa Richmond, mkoa wa British Columbia nchini Canada. Mabango ya maduka yakibadilishwa, watu walijua kazi imeanza, na mashabiki walisimama kando ya barabara wakitazama nani amevaa nini na anazungumza na nani. Wengine waliangalia mambo ya umiliki. ABC ni ya Disney tangu 1996, kwa hiyo aliyetaka kujua ni mhusika gani angeweza kuja alianza kwa kuangalia ghala la Disney. Msimu wa tatu ulipofungwa Mei 2014 kwa mwanamke anayetoka ndani ya chombo, mwenye gauni la buluu na glavu mkononi, hakuna aliyehitaji kutajiwa jina. Filamu ya Frozen ilikuwa imetoka Novemba 2013, na huyo alikuwa Elsa. Ubashiri ukahama papo hapo. Watu wakaacha kuuliza ni nani, wakaanza kuuliza ni nani aliyemfungia humo.

Muda nao ulisaidia. Msimu wa kwanza uliisha Mei 2012, laana ikiwa imevunjika na moshi wa zambarau ukiufunika mji. Msimu wa pili ukaanza mwishoni mwa Septemba. Zaidi ya miezi minne ya kusubiri! Mwaka 1928 mtafiti Maria Ovsiankina alionyesha kwamba mtu akikatizwa kazi katikati hurudi kuimalizia mwenyewe hata asipoamriwa. Shabiki aliyekatizwa hadithi hana namna ya kuimalizia ila kuitunga, na akiitunga anaiita ubashiri.

Lamu, kama miji mingi ya Kenya, muvi na tamthilia za kigeni zimepita sana kwa CD na baadaye kwa flashi kutoka maduka ya muvi. Flashi inabeba msimu mzima, hivyo pengo la wiki halipo. Linalokuja badala yake ni pengo kati ya watu. Mmoja ameshamaliza sehemu zote, mwenzake yuko ya tano, na yule wa tano anamsihi asimwambie, kisha anakisia mbele yake huku akimtazama uso. Kama umewahi kuwa yule aliyemaliza, unajua uzito wa kuficha uso. Na je, kuambiwa kunaharibu? Watafiti wawili wa chuo kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi wasome, baadhi yao wakidokezewa mwisho kwanza, na matokeo yao ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba waliodokezewa walizifurahia zaidi kidogo. Baadhi ya tafiti za baadaye zikapata kinyume. Mimi naona hadithi ya Liyongo inalielekea tokeo la kwanza: ujuzi wa mwisho hauondoi hofu, unaihamisha kutoka mahali pamoja kwenda pengine.

Lililo zito zaidi kwangu ni kwamba mtu hubashiri kwa akiba ya ngano alizolelewa nazo, na akiba hizo hazifanani. Wafaransa wana ngano ya paka mwenye buti, iliyochapishwa na Charles Perrault mwaka 1697. Paka anamdanganya mfalme kwamba bwana wake maskini ni tajiri, anamnyang'anya zimwi jumba lake, bwana anaoa binti mfalme, na paka mwenyewe anakuwa mheshimiwa. Waswahili tuna kisa cha Sultani Darai, ambacho Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza, alikisikia Unguja na kukichapisha mwaka 1870. Maskini anayechakura jaani anaokota thumni, ananunua paa. Paa anasema, anapata almasi, anamfanya bwana wake kuwa Sultani Darai, anamwoza binti sultani, anaua nyoka wa vichwa saba na kumpa nyumba yake. Hadi hapo ngano ni ileile, na wataalamu huziweka katika kundi moja.

Kisha zinaachana. Paa anaugua. Bwana hataki hata kumwona, anaagiza apikiwe uji wa mtama mbovu. Mke anamlilia paa, bwana hajali. Paa anakufa kwa huzuni na kutupwa kisimani. Na siku moja Sultani Darai anaamka na kujikuta yuko jaani, anachakura vumbi kama zamani.

Mtu aliyelelewa na kisa hicho haangalii tamthilia kwa macho ya aliyelelewa na paka. Katika Once Upon a Time kuna kanuni inayorudiwarudiwa kwamba kila uchawi una bei yake. Mtazamaji wa paka atauliza bei itakuwa nini. Bibi wa Lamu atauliza ni nani aliyefadhiliwa akasahau. "Mwanangu, we mtizame yule aliyesaidiwa," atamwambia mjukuu wake, "usimtizame mchawi." Na kwa tamthilia iliyojengwa juu ya mikataba ya Rumplestiltskin, ambamo watu huahidi leo na kukana kesho, bibi huyo angepatia mara nyingi.

Pale ambapo bibi angekosea, na Propp naye pamoja, ni kwa Regina, mama wa kambo wa Snow White. Kwa mujibu wa Propp adui huadhibiwa, na katika ngano zetu mama wa kambo ni nadra kupata nafasi ya pili. Lakini watungaji walimrudisha Regina polepole, msimu baada ya msimu, hadi sehemu ya mwisho kabisa mwaka 2018 alipovikwa taji na watu wa nchi zote za ngano. Mashabiki waliolibashiri hilo mapema hawakuliona kwenye utaratibu wa ngano. Waliliona kwenye uso wa mwigizaji, Lana Parrilla, kila alipokuwa na mwanawe wa kulea, Henry. Kwangu huo ndio ubashiri bora kuliko wote, maana ulitaka mtu aijue kanuni kisha athubutu kusema kwamba safari hii itavunjwa.

Tena haikuwa mara ya kwanza malkia huyo kugeuzwa. Katika chapa ya kwanza ya ndugu Grimm, mwaka 1812, mwanamke anayetaka Snow White auawe ni mama yake mzazi. Alifanywa mama wa kambo katika chapa ya 1819. Atakayekaa mbele ya tamthilia nyingine ya Snow White na kubashiri kwamba malkia atageuzwa tena ana zaidi ya miaka 200 ya ushahidi mkononi.